Msaada: WhatsApp imetushinda, mfumo gani wa kupangia kazi unafaa karakana ya watu 12?

Bint_Karakana

Asalaam aleykum wenzangu, naomba mnisaidie, hasa nyie wenye biashara ndogo ndogo au mliowahi kutumia hizi programu za kupangia kazi.

Mie nna karakana ya useremala Fuoni, Unguja, tunatengeneza milango ya nakshi, vitanda, makabati na fanicha za hoteli. Tuko 12 jumla, wanane wapo karakana, wawili ndo wanaokwenda kupima na kufunga, leo Paje kesho Nungwi, mmoja yupo Chake anashughulikia kazi za Pemba, na mie mwenyewe. Karakana aliianzisha baba, yeye alikuwa na daftari lake moja na mambo mengine yote yamo kichwani, na kazi zikenda vizuri tu kwa sababu zilikuwa mbili tatu kwa mwezi. Sasa hivi tuna kazi 14 ziko wazi kwa pamoja na zote tunazipitisha kwenye grupu moja la WhatsApp.

Mwezi uliopita imetupata hasara. Mteja wa Paje anataka mlango wa mbele, fundi kaenda kupima kaandika kwenye grupu urefu 219. Baada ya siku mbili mteja kaamua kuinua sakafu, saruji mpya na vigae juu yake, urefu ukawa 210. Fundi wangu akaituma hiyo 210 saa nne usiku, lakini usiku ule kulikuwa na harusi ya mtoto wa mwenzetu, grupu limejaa picha na mabruki mabruki, ile meseji ikapanda juu huko hakuna aliyeiona. Mlango tukautengeneza wa 219. Umefika Paje hauingii.

Ningekuwa na mlango wa kawaida ningekata sentimita tisa yakesha. Huu mfaa wake, ule ubao wa katikati ya mlango, umechongwa mpaka chini. Nikaushika mkononi, lile ua la chini kabisa mzee wetu wa nakshi kalichonga kila jani na mshipa wake, na ndo hapo hapo msumeno unapotakiwa upite. Tumeurudia mfaa mzima na vipande viwili vya mbao, msaji wa kununua upya, na siku 11 za mzee ambazo zilikuwa za kazi nyengine. Fundi hana kosa, alituma. Kosa ni la pahala tulipoziweka habari zetu.

Sasa nimeanza kusoma, naona programu za Trello, Asana, ClickUp, Odoo, kila mmoja anasema yake ndo nzuri. Na kuna kijana kaniambia atanitengenezea mfumo wetu wenyewe kwa milioni tatu, na chaji kidogo kila mwezi. Hali yetu ni hii: simu za watu ni za kawaida na bando la kuunga unga, mzee wa nakshi hana simu ya kugusa skrini kabisa na hesabu zake anaandika kwa tarakimu za Kiarabu ubavuni mwa mbao, na Kiingereza wanakisoma wawili tu. Nianze wapi?

Mtu_wa_Wete

Waaleykum salaam dada. Pole sana kwa huo mlango, nimeumia kama wangu.

Mie nakushauri usinunue kitu. Fungua Google Sheets, yale majedwali ya mtandaoni, bure, shiti moja, kila kazi mstari mmoja: mteja, pahala, nini, vipimo vya mwisho, tarehe ya kupimwa, nani kapima, imefika hatua gani, pesa iliyobaki. Sie Wete tuna biashara ya kupeleka vifaa vya ujenzi, tuko sita, mwaka wa tatu huu tunaitumia. Faida yake kubwa kwako ni mbili. Kwanza ile safu ya vipimo unaweza kuifunga asiibadilishe mtu ila wewe na fundi wa saiti. Pili ina historia ya mabadiliko, ukiingia unaona 219 iligeuzwa 210 siku gani saa ngapi na nani, hakuna ubishi tena baina ya karakana na saiti. Na kwenye simu unaiweka ipatikane bila mtandao, ukiwa njiani huna bando unaisoma.

Grupu la WhatsApp msilifute, watu watalitaka. Ila wekeni sharti moja, kipimo kilichotumwa WhatsApp si kipimo mpaka kiwe kwenye shiti. Sharti hilo lisikiukwe hata na wewe mwenyewe bosi.

Rangi_na_Chokaa

Mtu wa Wete kasema kweli ila mie shiti ilinishinda nilipopita kazi kumi. Sie tunafanya ukarabati wa nyumba, nyingi Mji Mkongwe, na shiti ya mistari 20 kwenye simu ya inchi sita ni mateso, unasukuma kulia unasahau mstari wa nani, unasukuma kushoto umeshabonyeza pengine. Tulihamia Trello na mpaka leo tupo.

Dada nakueleza ilivyo ili usidhani ni mambo makubwa. Ni bodi, ndani yake nguzo, yaani safu zilizosimama, ndani ya nguzo kuna kadi, kadi moja kazi moja. Kazi ikisogea unaiburuta kadi kwa kidole nguzo ya pili. Basi. Majina unaandika Kiswahili mwenyewe, vitufe tu ndo vya Kiingereza na watu wanavizoea kwa wiki moja kwa sababu vitano tu ndo wanavyovigusa. Sie nguzo zetu ni Kupima, Inasubiri kibali, Vifaa, Kazi inaendelea, Ukaguzi, Pesa ya mwisho. Hiyo nguzo ya kibali ndo iliyonifanya niipende, maana Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000 hugusi dirisha wala mlango bila ya Mamlaka ya Hifadhi kukubali, na zamani nilikuwa nawapangia mafundi siku kumbe kibali bado. Sasa kadi ikiwa kwenye nguzo ile hakuna anayenunua hata kopo la chokaa.

Picha ya kipimo unaibandika kwenye kadi, fundi apige picha ya tepu imelala kwenye mlango, namba inaonekana. Faili moja la bure mwisho MB 10, picha inatosha, video refu hapana.

Kuhusu pesa: ya bure ina kikomo cha watu 10, nyie 12. Ya kulipia ya chini ni kama dola 5 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, watu 12 zidisha mwenyewe, ni dola 720 kwa mwaka. Lakini hebu fikiri, kweli watu 12 wote wanahitaji akaunti? Anayehitaji akaunti ni anayebadilisha habari. Wewe, mafundi wawili wa saiti, wa Chake, na msimamizi mmoja wa karakana. Watano. Bure inakutosha na inabaki.

Hesabu_Safi

Odoo achana nayo kwa sasa. Ni nzuri na ni kubwa, ina stoo, mauzo, hesabu, kila kitu, lakini inataka mtu wa kuikalia kutwa na nyie hamna. Mtu wa watu 12 akianza na Odoo mwezi wa pili anarudi daftarini. Halafu usitarajie programu hizi zikutolee risiti, risiti za kielektroniki za ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, zina mfumo wake mwengine kabisa, usichanganye.

Mwana_Kikwajuni

Dada nakuomba kwa Mungu huyo kijana wa milioni tatu umwache. Si kama ni mbaya, pengine ni hodari kweli, lakini nikwambie lililonikuta mie.

Mwaka 2021 nilitengenezewa mfumo wa biashara yangu ya mapambo ya harusi, nikalipa nusu mwanzo nusu mwisho, ukafanya kazi miezi minane vizuri tu. Kijana akapata kazi nje ya Zanzibar akaenda zake, na sikumlaumu, riziki. Ukatokea ubovu mdogo, tarehe zikawa zinaruka siku moja mbele, harusi ya Ijumaa inaonekana Jumamosi. Paswedi ya seva anayo yeye. Namba kabadilisha. Nikamtafutia fundi mwengine akafungua akatazama akaniambia kuisoma kazi ya mtu ni ghali kuliko kuandika mpya. Nikakaa usiku mbili na mke wangu tunanakili kwa mkono oda 60 kutoka kwenye skrini kuingia daftarini, tarehe moja moja, huku tunapiga simu kwa wenye harusi kuhakikisha.

Kwa hiyo chochote utakachochagua, hata hiyo Trello ya bure, akaunti ifungue wewe kwa imeili ya biashara, si imeili ya kijana wa ofisini. Na ujue namna ya kuzitoa habari zako kabla hujaziingiza. Hizi kampuni nazo zinabadilika. Trello ilianza 2011, mwaka 2017 Atlassian ya Australia ikainunua dola milioni 425, na hicho kikomo cha watu 10 alichokitaja kaka hapo juu kimekuja 2024, kabla yake hakikuwepo. Leo bure kesho si bure. Mwenye habari zake mkononi hahangaiki.

Ami_Ubao

Wanangu naona mnazungumza simu tu, na bibie kasema mzee wa nakshi hana simu. Mzee huyo ndo karakana yenyewe. Mfumo asiouona yeye ni mfumo wa nani?

Mie nimefanya kazi stoo ya vipuri vya magari miaka mingi, na hizi nguzo na kadi za Trello asili yake si kompyuta. Imetoka Toyota, Japani, kwa mtu akiitwa Taiichi Ohno, baada ya vita vya pili. Aliangalia maduka makubwa ya Marekani yanavyojaza rafu, bidhaa ikitoka ndo inawekwa nyengine, akaipeleka kiwandani kwa vikadi. Wanaita kanban, na neno lenyewe kwa Kijapani maana yake kibao. Na wewe seremala, kibao hukosi.

Chukua plaiwudi moja nzima, ipake rangi nyeusi, itundike ukutani pale ambapo kila mtu anapita asubuhi akenda kuchukua randa yake. Piga mistari kwa chaki: Vipimo, Mbao, Kukata, Nakshi, Kuunga, Msasa na vanishi, Kusafirisha, Kufunga, Pesa. Kila kazi ikate kipande cha mbao cha kiganja, toboa tundu, kitundike kwenye msumari. Andika juu yake jina la mteja na kipimo, na kwa ajili ya mzee kiandike na kwa tarakimu zake za Kiarabu, ٢١٠, hapo hakosei hata akiwa hana miwani. Kipimo kikibadilika hufuti, unakitoa kibao cha zamani unakivunja mbele ya watu unatundika kipya.

Na siri ya yule Mjapani haikuwa vikadi, ilikuwa kikomo. Nguzo ya nakshi uipigie misumari mitatu tu. Mzee ni mmoja. Ikiwa misumari mitatu imejaa hakuna mlango mwengine unaokatwa, hata mbao ziwe zimefika, hata mteja apige simu mara ngapi. Mkiendelea kukata mnarundika milango kwenye kona inakula vumbi, pesa ya mbao imelala, na mzee anaona mlima anachanganyikiwa aanze upi.

Bint_Karakana

Ami Allah akuzidishie umri. Hiyo ya misumari mitatu imenigusa, nimekwenda kuhesabu sasa hivi, ipo milango saba inamngoja mzee. Saba! Na mie kila siku nikidhani tatizo letu ni kufunga saiti kuchelewa, kumbe kuchelewa kunaanzia hapa karakana.

Kijana wa milioni tatu nimeshamwambia hapana kwa adabu. Ila nna swali, nikiwa na ubao ukutani na Trello kwenye simu, si nitakuwa na pahala pawili pa kuandika, na ndo ugonjwa ule ule wa mwanzo? Na nna kazi moja kubwa ya hoteli, vyumba 18, watafunga mwezi wa nne na wa tano wakati wa masika kufanya matengenezo, mwezi wa sita wanafungua na wageni wameshalipa. Hiyo siwezi kuichelewesha hata siku moja.

Rangi_na_Chokaa

Swali zuri dada na jibu lake ni mtu, si programu. Chagua mmoja, msimamizi wako wa karakana, saa mbili asubuhi asimame mbele ya ubao na simu mkononi avilinganishe. Dakika kumi. Kipimo chochote kinaingia kwanza kwenye kadi ya simu kutoka saiti, yeye ndo anakiandika kwenye kibao. Upande mmoja tu. Kutoka kibao hakirudi kitu kwenye simu ila hatua iliyofikiwa. Sie tulipokuwa hatuna mtu huyo bodi ilikuwa ya uongo kwa muda wa wiki sita, kadi zinasema kazi inaendelea na nyumba imeshahamiwa.

Hiyo ya hoteli ni kitu chengine, hapo unataka mchoro wa Gantt. Aliutumia Mmarekani Henry Gantt miaka ya 1910 na mpaka leo wajenzi hawajauacha, kila kazi ni mstari unaolala chini ya tarehe, mrefu kwa kadiri ya siku zake. Unaanzia mwisho unarudi nyuma. Mwezi wa sita tarehe moja wageni, basi kufunga kumalizike lini, vanishi ikauke siku ngapi na ni masika, unyevu haukauki upesi, nakshi siku ngapi kwa kila mlango, mbao ziagizwe lini. Shiti ya kawaida inatosha, kila siku kisanduku, unakipaka rangi. Ukirudi nyuma namna hiyo wallahi utajikuta mbao ulitakiwa uagize wiki iliyopita.

Hesabu_Safi

Na kwenye ubao usisahau hiyo nguzo ya Pesa. Kazi haijesha mpaka ilipwe. Karakana nyingi zinakufa zina kazi tele.

Mwana_Kikwajuni

Naongeza moja tu. Kila Alkhamisi jioni toa kila kitu uprinti karatasi mbili, uweke kwenye faili. Wanaokumbuka ule umeme uliokatika Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua ninachokisema, Unguja nzima miezi mitatu kwa majenereta. Na Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, EASSy na Seacom kwa mpigo, siku zile aliyekuwa na kila kitu mtandaoni alikaa anatazama kiduara kinazunguka. Karatasi haizunguki.

Bint_Karakana

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani nilikuwa nahangaika na hili.

Tumefanya hivi. Ubao umetundikwa mlangoni mwa stoo ya mbao, misumari mitatu kwenye nakshi. Siku ya kwanza vijana walinuna kwa sababu walizoea kukata tu, nikawapeleka kusaidia msasa na kuunga, wiki ya pili milango minne iliyokuwa imelala imetoka. Trello tumefungua watu watano kwa imeili ya karakana. Fundi wa saiti sasa hatumi namba tupu, anatuma picha ya tepu na namba chini yake.

Mzee siku mbili za mwanzo hakusema kitu. Siku ya tatu nimefika nimekuta kibao kimoja kageuza nyuma kachonga kijiua kidogo, nikamuuliza akasema huo mlango nimeumaliza, nikigeuza ujue. Basi ndo imekuwa alama yetu, kibao kilichogeuzwa nakshi imekwisha, na msimamizi anakihamisha.

Hoteli nimechora ule mchoro kama alivyosema kaka, kurudi nyuma, na kweli mbao nimekuta nimechelewa siku tisa. Nimeagiza jana. Nimempigia meneja nikamwambia mapema milango ya vyumba vya juu itakuja wiki moja nyuma, hakukasirika, alisema heri kujua sasa.

Kilichobaki kunitatiza ni Chake. Kijana wetu yupo peke yake, haoni ubao, na mzigo ukishapanda meli kwenda bandari ya Mkoani kule Pemba kadi inakaa tu kwenye Kusafirisha hatujui umeshuka au bado.

Mtu_wa_Wete

Hiyo tunayo sana sie. Igawe hiyo nguzo mara mbili dada, Umetoka Unguja na Umeshuka Mkoani. Ya kwanza anaisogeza mtu wako wa bandari ya Malindi akishapewa karatasi ya mzigo, na picha ya karatasi aibandike kwenye kadi. Ya pili haisogezi mtu ila wa Chake, akiwa amesimama mbele ya mzigo na keshahesabu vipande. Kama vipande si sawa na karatasi asisogeze, apige simu pale pale bandarini kabla hajapakia gari.